Shokapu za Nyuma: Kazi Ndogo, Hatari Kubwa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Asubuhi ya Jumapili moja katika mtaa wa Majengo mjini Dodoma, mfanyabiashara mmoja wa nafaka alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake. Kilichoonekana nje ni miguu tu. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu lililokwisha kufunguliwa, akimpa baba yake spana kila alipoagizwa. Upande mmoja wa nyuma wa gari ulikuwa umeinuliwa kwa jeki, kisha ukaegemezwa juu ya matofali mawili ya saruji yaliyopangwa moja juu ya jingine. Baba yule alikuwa akibadili shokapu za nyuma.

Mzee mmoja, fundi wa magari wa siku nyingi, alikuwa akipita na kikapu chake akitoka soko la Majengo. Akasimama, akayatazama yale matofali, akabisha hodi.

"Shikamoo mzee," sauti ikatoka uvunguni.

Mzee hakuitikia. "Mimi siitikii shikamoo ya mtu aliyelala," alisema. "Toka kwanza, mwanangu, tusalimiane kama watu."

Mwenye gari akacheka, akajivuta nje, akajipangusa vumbi jekundu na kumpa mzee mkono. Hawakuwahi kumaliza kuulizana habari za nyumbani. Tofali la juu lilipasuka kwa mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini, na pikapu ikashuka kwa kishindo hata dramu ya breki ikazama mchangani. Mahali ilipozama ndipo kifua cha baba yule kilipokuwa dakika moja kabla.

Mtoto alianza kulia. Baba hakuweza kusema neno. Mzee aliweka kikapu chake chini, akamshika bega na kumwambia taratibu, "Marahaba. Sasa naitikia."

Mwandishi wa makala hii ni jirani, na aliyashuhudia hayo kwa macho yake. Mchana ule mzee alikubali kubaki, naye akaisimamia kazi ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Maelezo yanayofuata yametokana na somo alilolitoa. Neno lake la kwanza ndilo msingi wa yote: "Kubadili shokapu ni kazi ya nati chache. Kazi yenyewe hasa ni kuliinua gari na kulizuia lisianguke."

SHOKAPU HUFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Gari lipitapo shimoni au juu ya tuta, springi hujikunja kisha hujinyoosha, na kama zingeachwa peke yake zingeendelea kulirusha gari juu na chini kwa muda mrefu. Kazi ya shokapu ni kuutuliza mrusho huo.

Ndani ya shokapu kuna pistoni inayopita katika mafuta. Mafuta hulazimika kupenya katika matundu madogo, na upinzani wa mafuta hayo ndio unaozuia mtikisiko. Nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutoka nje kupitia bomba la shokapu. Baadhi ya shokapu hutiwa pia gesi yenye mgandamizo, aghalabu naitrojeni, ili mafuta yasifanye povu.

Kwa hiyo, kama gari lako limelala nyuma hata lisipokuwa na mzigo, usikimbilie kununua shokapu. Huenda springi ndizo zilizochoka au zilizovunjika, nawe utakuwa umetupa fedha yako bure.

Katika mkoa wetu shokapu hazina raha. Barabara kuu ziendazo Morogoro, Iringa, Singida na Babati zina lami, lakini mazao hayatoki kwenye lami. Mfanyabiashara afuataye alizeti, karanga au zabibu vijijini hupita barabara za udongo ambazo wakati wa kiangazi hujaa vijituta vinavyofuatana kama mikunjo ya bati. Mvua, ambazo hapa hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, huacha makorongo. Wasomaji wenye umri watamkumbuka Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, ambaye mwaka 1966 na 1967 alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Katika barabara za namna ile injini peke yake haifikishi gari mwisho wa safari. Ni lazima magurudumu yaendelee kuikanyaga ardhi.

Hapo ndipo ulipo usalama wa familia. Gurudumu linalorukaruka haliwezi kushika breki vizuri wala kulitii usukani. Gari lenye shokapu zilizokufa huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama, na nyuma yake huyumba kwenye kona. Aliye ndani ya gari hilo yumo hatarini, na mtoto anayevuka barabara mbele yake yumo hatarini vilevile.

DALILI ZA KUCHOKA

Zipo dalili ambazo mwenye gari aweza kuziona bila kwenda gereji. Kwanza, tazama mwili wa shokapu. Ukiona mafuta yametiririka na vumbi limegandamana kama ugali uliounguzwa, mafuta ya ndani yanavuja. Pili, gandamiza kona ya nyuma ya gari kwa nguvu kisha uachie. Gari linapaswa kupanda mara moja na kutulia. Likiendelea kuruka mara mbili au tatu, shokapu imekwisha. Tatu, pitisha kiganja juu ya tairi. Tairi lililolika kwa mabonde na vilima ni ushahidi kwamba limekuwa likirukaruka. Nne, sikiliza milio ya kugonga nyuma, ambayo mara nyingi husababishwa na bushi za mpira zilizokwisha.

Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto. Ukiweka mpya upande mmoja na kuiacha iliyochoka upande wa pili, nyuma ya gari haitakuwa na mizani, hasa unapokanyaga breki ghafla.

KAZI ISIYOFAA KUFANYWA NYUMBANI

Kabla ya kushika spana, chungulia uvunguni. Katika pikapu nyingi, mathalani Toyota Hilux, springi za nyuma ni za vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya kingine, na shokapu imesimama peke yake kando. Hii ndiyo kazi ambayo mtu mwangalifu aweza kuifanya nyumbani.

Lakini yapo magari mengi madogo ambayo springi ya mviringo imezungushwa kwenye shokapu yenyewe, na vyote viwili hutoka kwa pamoja. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa. Ukiifungua nati ya juu bila kifaa maalumu cha kuikamata springi, itafyatuka na yaweza kuua. Mzee alisema wazi kwamba kazi hiyo impelekee fundi mwenye kifaa, na aonekane akikitumia. Kuifunga springi kwa kamba au waya ni kuchezea roho.

KABLA YA KUINUA

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, sugua nati zote kwa brashi ya waya, kisha zitie mafuta mepesi ya kulainisha kutu. Usizipashe moto. Tangi la mafuta na paipu za breki zipo karibu, na shokapu yenyewe yaweza kuwa na gesi. Kwa sababu hiyo hiyo, sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Chagua mahali tambarare na pagumu. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, nao mchanga humeza mguu wa jeki. Tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Sasa likafuata jambo ambalo wengi wetu tuliokuwapo hatukulijua. Mwenye gari alijitetea kwamba alikuwa amevuta breki ya mkono na kuacha gari katika gia. Mzee akamwonyesha kwamba katika pikapu yake breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na injini nayo huzungusha magurudumu hayo hayo. Yote mawili yakiwa hewani, breki ya mkono haishiki ardhi tena, wala gia haisaidii. Hata likiinuliwa moja tu, difu huliachia lile lililo juu lizunguke, kwa hiyo gia peke yake haiwezi kulizuia gari lisisogee. Kinachoizuia pikapu isitembee ni kabari zilizowekwa kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Breki na gia ni nyongeza tu.

Mzee alitoa pia shauri ambalo ni rahisi kuliko yote: kama uvungu wa pikapu yako ni mrefu na mkono unafika kwenye nati bila shida, usiinue gari kabisa. Shokapu za namna hii aghalabu hufunguka magurudumu yakiwa chini. Gari ambalo halikuinuliwa haliwezi kuanguka kutoka juu. Hata hivyo kabari ziwekwe.

MATOFALI SI STENDI

Ikiwa hapana budi kuinua, legeza kwanza nati za magurudumu nusu duru gari likiwa bado chini. Kisha inua kwa jeki mahali palipoelekezwa na kitabu cha gari, na usiinue zaidi ya unavyohitaji.

Jeki ni chombo cha kuinulia. Haikutengenezwa ishikilie gari wakati mtu yuko chini yake. Mpira mmoja mdogo wa ndani ukichanika, jeki ya mafuta hushuka bila kutoa taarifa. Ile ya kuzungusha kwa mkono nayo ina mguu mwembamba uwezao kupinduka. Kwa hiyo uzito ushushwe juu ya stendi mbili za chuma zilizoandikwa uwezo wake, na uwezo huo uwe mkubwa kuliko uzito zitakaobeba. Katika pikapu yenye springi bapa, stendi huwekwa chini ya ekseli, pande zote mbili, karibu na springi. Hapo ekseli haitashuka shokapu itakapotolewa.

Magari ambayo ekseli yake imekalia springi za mviringo zilizo mbali na shokapu yanataka uangalifu wa ziada. Katika hayo, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiitoa bila kuishikilia ekseli, paipu ya breki yaweza kukatika na springi kuchomoka. Stendi ziwe chini ya bodi, mahali palipokusudiwa, na ekseli ishikiliwe kwa jeki ya pili.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi umeenea na matofali ya saruji yapo katika kila uchochoro. Ndiyo maana mkono huyakimbilia. Tofali hubeba ukuta vizuri kwa sababu uzito huenea juu yake lote. Ekseli au chasisi hugandamiza sehemu moja ndogo, nalo hupasuka ghafla bila kuonyesha dalili yoyote. Mbao ngumu hulia na kubonyea kwanza. Asiye na stendi aweza kuazima kwa fundi, au kutumia vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana, jozi moja ikielekea huku na ya pili kule, chini pakiwa papana. Mawe ya mviringo, rimu zilizosimamishwa wima na matofali, yote hayo hayafai.

Gari likishakaa, lisukume kwa mikono miwili kutoka ubavuni. Likitikisika, lishushe uanze upya. Lisipotikisika, lisukumizie tairi la akiba na yale uliyoyafungua chini ya chasisi, yawe akiba ya mwisho. Mtu mzima mwingine awe karibu, mwenye kujua jinsi ya kutumia jeki na namna ya kuita msaada. Watoto wakae mbali.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Fungua upande mmoja tu kwanza, wa pili uachwe uwe kielelezo cha jinsi vitu vilivyopangwa. Vaa miwani, kwa maana kutu humwagika machoni mwa mtu anayetazama juu. Vuta spana ukielekea kwako badala ya kuisukuma, na kaa mahali ambapo ikiteleza mkono wako hautagonga chuma. Nati iliyokataa kabisa usiivute kwa bomba refu gari likiwa juu ya stendi, maana nguvu hiyo yaweza kulisogeza gari. Itie mafuta tena, usubiri.

Shokapu nyingine zina matundu mviringo juu na chini, yenye bushi za mpira na bolti. Nyingine zina msumari wenye nati upande wa juu. Msumari huo huzunguka pamoja na nati. Kwa hiyo ushike ncha yake kwa spana ndogo huku ukifungua nati kwa spana nyingine. Panga washa na bushi zote juu ya gazeti kwa mfuatano zilivyotoka.

Linganisha ya zamani na mpya: urefu, matundu na unene. Kisha isimamishe ile mpya wima, uivute na kuigandamiza mara kadhaa mpaka iende kwa uzito ulio sawa. Hivyo hewa iliyoingia kwenye mafuta wakati ilipolazwa dukani hutoka. Ile ya gesi hufungwa mkanda ili isijinyooshe. Mkanda ukikatwa, shokapu hujinyoosha yenyewe, basi vidole viwe mbali.

Tumia bushi mpya na nati mpya zilizokuja nazo. Ingiza nati zote kwa vidole kwanza, kisha zikaze kiasi. Zile za matundu mviringo zisikazwe mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia. Bushi iliyokazwa namna hiyo hujipinda gari linaposhushwa, na huchanika kabla ya wakati wake. Zikaze gari likiwa limekalia uzito wake, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu. Nati ya msumari hukazwa mpaka mpira ujae upana wa washa. Ukizidisha, mpira huo hupasuka.

Rudisha magurudumu, kaza nati zake kwa mshazari, shusha gari, kisha uzikaze tena. Liendeshe taratibu mtaani ukisikiliza. Baada ya siku chache za kazi, kagua nati zote mara ya pili.

Lipo jambo la mwisho. Shokapu za zamani zisitobolewe wala zisitupwe motoni, na mtoto asipewe kuchezea, maana yenye gesi yaweza kulipuka. Vilevile jihadhari na zilizotobolewa, zikajazwa mafuta na kuchomelewa upya. Rangi yake hung'aa dukani, lakini hakuna ajuaye vali za ndani zina hali gani.

SAA KUMI JIONI

Mwenye pikapu ile hakuanza kazi tena mpaka kijana wa jirani alipoleta stendi mbili za kuazima na mbao za mvule. Kuliandaa gari kuliwachukua karibu saa nzima. Shokapu zote mbili zilichukua muda usiozidi huo. Alikiri kwamba asubuhi alikuwa akifanya hesabu ya fedha ya fundi atakayoiokoa, na kwamba hesabu hiyo haikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Mzee alimpa binti kazi mpya. Alimchorea mstari mchangani, hatua nyingi kutoka kwenye gari, akamwambia asiuvuke. Kisha akamwambia kwamba siku yoyote atakapomwona baba yake akiingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake au na tofali, amwite atoke nje kwanza, na baba asikasirike.

Kila nyumba yenye gari ingefaa kuwa na sharti hilo. Atakayeita, awe mke, mtoto au jirani, asionekane kuwa anaingilia kazi za watu. Saa kumi jioni baba yule alitoka uvunguni mara ya mwisho, akanawa mikono, akamwendea mzee aliyekuwa amekaa kivulini na kumwamkia tena, safari hii akiwa amesimama.